Utafiti katika bustani ya mimea ya chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa shahada, walimu wa sekondari na maafisa mazingira huyauliza wanapotaka kufanya utafiti katika bustani ya mimea ya chuo kikuu. Mifano mingi nimeichukua Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa kuwa kazi zake zimeandikwa kwa kirefu na kwa miaka mingi. Pale panapohusika nimerudi Usambara, Dar es Salaam na Nairobi.

Bustani ya mimea ya chuo kikuu ina tofauti gani na bustani ya kupumzikia?

Kwa macho tu, huenda usione tofauti yoyote: kuna miti, nyasi, mabenchi na watu wanaopiga picha za harusi. Tofauti imo kwenye daftari. Katika bustani ya mimea kila mmea una kumbukumbu inayoeleza ulitoka wapi, nani aliukusanya, lini, na umepata nini tangu ulipofika, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayougeuza mti wa kivuli kuwa kitu kinachoweza kutolewa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mahali pengine ambapo usemi huo ni wa kweli zaidi.

Bustani za namna hii zina umri mkubwa. Ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545, ya Oxford mwaka 1621, na ya Cambridge mwaka 1762. Zilianza kama mashamba ya dawa, ambako wanafunzi wa tiba walifundishwa kutambua miti shamba wasije wakampa mgonjwa sumu. Kwetu, vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Maseno vina bustani zao. Bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ni ya serikali, si ya chuo, ingawa watafiti wa vyuo huitumia.

Namba iliyo kwenye kibao cha mmea inasema nini?

Wageni wengi husoma jina la Kilatini na kuendelea na safari yao. Mtafiti anapaswa kusoma namba kwanza. Tuchukue mfano wa kubuni, 2014-0237-B. Tarakimu nne za mwanzo ni mwaka mmea ulipoingia katika makusanyo. Zinazofuata ni zamu yake katika rejista ya mwaka huo. Na herufi ya mwisho inaonyesha kwamba huu ni mche wa pili kati ya kadhaa iliyotokana na mbegu za mkusanyo uleule. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya bustani na bustani, lakini mantiki ni hiyohiyo.

Ukiifungua kumbukumbu yenyewe utakuta pia herufi ya asili. Katika mfumo unaotumiwa kimataifa kubadilishana taarifa za bustani, W ni mmea uliokusanywa porini moja kwa moja, Z ni uliozalishwa bustanini kutokana na mzazi wa porini, G ni uliotoka bustanini tu bila nasaba ya porini inayojulikana, na U ni ule ambao asili yake haijulikani. Herufi hiyo moja inaweza kuamua kama tasnifu yako itasimama au itaanguka. Anayechunguza jinsi mti ulivyozoea ukame wa Dodoma hawezi kutumia mmea wenye G, hata kama umenawiri kiasi gani, maana huenda wazazi wake wamechaguliwa na wauza maua kwa vizazi kadhaa kwa sababu ya uzuri wa majani.

Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuumia. Nikiwa mwanafunzi nilipima majani ya mti mmoja kwa wiki tisa katika bustani ambayo sitaitaja. Kibao kilisema ni mkuyu, Ficus sycomorus, nami nilikiamini. Siku moja nilipapasa jani bila kufikiri na nikashtuka: jani la mkuyu hukwaruza kidole kama msasa, lakini lile lilikuwa laini. Kumbe aliyekuwa akifyeka nyasi alizoea kuving'oa vibao ili visimkwaze, kisha kuvirudisha kwenye shina lililo karibu. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi kabisa, ila vilikuwa vya mti mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, linganisha mmea na kumbukumbu yake, na kumbukumbu na sampuli ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyobanwa na kukaushwa, kama ipo.

Ni tafiti za aina gani zinazoweza kufanyika humo?

Ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na si zote zinahusu mimea.

Ya kwanza ni utafiti wa tofauti ndani ya spishi moja. John Stevens Henslow, profesa wa botania aliyemfundisha Charles Darwin huko Cambridge, ndiye aliyeihamisha bustani kutoka katikati ya mji hadi kwenye eneo la sasa la ekari 40, lililofunguliwa mwaka 1846. Henslow alitaka kujua spishi inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, na kwa ajili hiyo alipanda misonobari ya Pinus nigra yenye asili ya sehemu mbalimbali za Ulaya. Miti hiyo ingalipo, na tofauti za umbo lake huonekana hata na mtu asiye mtaalamu. Utafiti wa leo wa kupanda pamoja, ambao huchukua mbegu za mti mmoja kutoka nyanda za chini na za juu na kuziotesha katika udongo mmoja na chini ya jua moja, una wazo hilohilo: tofauti inayobaki baada ya mazingira kusawazishwa inaelekea kuwa ya kurithi.

Ya pili ni jenetiki, yaani elimu ya kurithi. Kuanzia miaka ya 1890 Edith Rebecca Saunders, akishirikiana na William Bateson, alikuza na kuchavusha kwa mkono mimea katika bustani hiyohiyo ili kufuatilia jinsi sifa kama vile kuwa na vinyweleo au kuwa laini zinavyopita kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Kazi yao ilisaidia kuyafanya matokeo ya Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza kanuni za kurithi kwa kutumia njegere, yakubalike baada ya kugunduliwa upya mwaka 1900. Saunders aliifanya kazi hiyo katika chuo kikuu ambacho hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Ya tatu ni mazingira na hali ya hewa. Kituo cha hali ya hewa cha bustani ya Cambridge kimekuwa kikichukua vipimo vya kila siku tangu mwaka 1904. Tarehe 25 Julai 2019 kipimajoto chake kilisoma nyuzi 38.7 za Selsiasi, na kwa muda wa miaka mitatu hivi, hadi Julai 2022, hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa cha joto kuwahi kuthibitishwa nchini Uingereza. Anayetafiti athari za joto kwa miti ana hapo kitu adimu: miti ileile, mahali palepale, pamoja na rekodi ya joto la zaidi ya karne. Karibu na utafiti huu kuna ule wa fenolojia, yaani kuandika siku ambayo mmea umechanua, umetoa majani mapya au umepukutisha. Bustani kadhaa, hasa za Ujerumani, zimejiunga katika mtandao uitwao PhenObs ili kuangalia spishi zilezile kwa utaratibu uleule, na kifaa kinachohitajika sana ni daftari, penseli na mtu asiyekosa kufika kila wiki.

Ya nne ni wadudu na udongo. Nyuki, nondo, mchwa na kuvu hawajali kama mti una kibao. Mabakuli ya maji ya sabuni yenye rangi ya njano, nyeupe na samawati yatakupa orodha ya wachavushaji kwa siku moja, na bustani iliyo katikati ya mji ni mahali pazuri pa kuuliza ni wadudu gani wanaomudu maisha ya mjini.

Je, ninayoyaona bustanini yanaweza kusemea msitu?

Kwa tahadhari kubwa. Bustani humwagiliwa, huwekewa matandazo na mboji, magugu yake hung'olewa, na ikiwa mjini joto la usiku hukaa juu kuliko la shambani. Mti ulioishi hivyo umedekezwa. Ukitaka kujua una uwezo gani wa kustahimili ukame, swali lako litajibiwa nusu tu.

Kuna kasoro nyingine ambayo watahini huikamata haraka: bustani nyingi zina mmea mmoja au miwili ya kila spishi. Kupima majani mia moja ya mti mmoja hakukupi sampuli mia moja. Kunakupa sampuli moja iliyopimwa mara mia moja. Hali huwa mbaya zaidi pale miti kadhaa inapokuwa vipandikizi vya mzazi mmoja, kwani kijenetiki hiyo ni mti mmoja uliosimama mahali pengi. Dawa ni kushirikisha bustani kadhaa, au kubadili swali ili spishi ndiyo iwe kipimo: badala ya kuuliza jambo kuhusu mvule, uliza kuhusu spishi hamsini za miti zilizo katika eneo moja. Kwa ulinganisho wa namna hiyo bustani huipita misitu mingi, kwani hakuna msitu ambamo mimea ya mabara matano imeota ikitenganishwa na hatua ishirini.

Naruhusiwa kukata majani, kuchukua mbegu au kutoboa shina?

Hapana, mpaka upewe ruhusa ya maandishi, hata kama wewe ni mwanafunzi wa chuo hichohicho. Kwa kawaida msimamizi wa makusanyo atataka kujua mambo machache: swali lako la utafiti, namba za mimea unayoihitaji, kiasi cha sampuli, namna ya kuikata, na sampuli itaishia wapi. Andika ombi kwa mizani. Majani matatu kwa ajili ya vinasaba, yakaushwe kwa jeli ya silika (chembe zinazonyonya unyevu), ni ombi dogo. Kutoboa shina kwa keekee ili kutoa kijiti cha kuhesabia pete ni jambo zito zaidi, maana tundu linalobaki ni mlango wa kuvu, na mti wenye umri wa miaka 150 hauna mbadala. Usishangae ukikataliwa.

Wasiliana na watunza bustani kabla ya kuandika ombi lenyewe. Hao ndio wanaojua kwamba mti fulani uliugua mwaka juzi, kwamba kitanda kile kiliwekewa mbolea, au kwamba kitu unachokiita spishi mbili wao wameshuku kwa muda mrefu kuwa ni moja. Wakitajwa katika shukrani za tasnifu ni vizuri. Wakitajwa kama waandishi wenza pale mchango wao unapostahili ni haki.

Je, kuna ada?

Inategemea bustani. Wanafunzi wa chuo husika mara nyingi hawatozwi. Wageni wanaohitaji kitalu au nyumba ya kioo hutozwa gharama za maji, udongo na kazi.

Nikitaka kutoa sampuli nje ya nchi, nahitaji vibali gani?

Hili ndilo swali lenye majuto mengi, kwa hiyo lianze mapema, miezi kabla ya safari. Mtafiti nchini Tanzania huomba kibali cha utafiti kupitia COSTECH, nchini Kenya leseni ya NACOSTI, nchini Uganda kupitia UNCST, ambazo ni taasisi za taifa za sayansi na teknolojia. Hicho ni kibali cha kufanya utafiti, si cha kusafirisha kitu. Mmea hai, mbegu na hata udongo huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA na Kenya ni KEPHIS. Spishi zilizolindwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kama vile okidi zote na mishubiri mingi, huongeza kibali kingine.

Juu ya hayo kuna suala la nani ananufaika. Mkataba wa Bayoanuwai, ulioanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1993, ulitambua kwamba rasilimali za kijenetiki ziko chini ya mamlaka ya nchi zinamotoka, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, iliweka utaratibu wa ridhaa na mgawanyo wa manufaa. Huko Kenya, kibali cha kufikia rasilimali hizo hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kuna wanaouona utaratibu huu kuwa urasimu mtupu, na kusema kweli foleni zake huchosha. Lakini aulizaye kwa nini upo na aangalie ua la Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni wa Kijerumani, aliliokota katika eneo la Usambara na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi. Leo ua hilo linauzwa katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, lina aina za kilimo zisizohesabika, na vijiji vilivyo chini ya miamba ambako bado linaota porini havijapata hata gharama ya chungu kimoja. Baadhi ya spishi zake za porini sasa zimo hatarini kutoweka.

Kuna hatari gani ya bustani yenyewe kuharibu mazingira?

Ipo, na historia yake haifurahishi. Senecio squalidus, ua la njano lenye asili ya miteremko ya Mlima Etna, lilitoroka kutoka kuta za bustani ya Oxford mwishoni mwa karne ya 18. Reli zilipojengwa, kokoto za njia ya treni zikawa kwake sawa na majivu ya volkano, likasafiri nchi nzima. Lilipokutana na jamaa yake wa Uingereza likazaa spishi mpya, mojawapo ikiitwa Senecio cambrensis, iliyopatikana Wales. Wanasayansi wamejifunza mengi kutokana na utoro huo.

Kwetu somo lilikuwa ghali zaidi. Bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, ilijaribu mamia ya mimea ya kigeni kwa ajili ya biashara. Maesopsis eminii, mti ambao Uganda huuita musizi na ambao huko una makao ya asili, uliletwa na kupandwa humo; ndege aina ya hondohondo wakazisambaza mbegu zake hadi ndani ya msitu wa asili, na mpaka leo hujaza mianya ambayo ingezibwa na miti ya hapo. Amani haikuwa bustani ya chuo kikuu, lakini tahadhari ni ileile. Mradi wako ukihusisha mmea mgeni, ombi lako lieleze utafanya nini na mbegu na mabaki, na jibu lisiwe kuvitupa kwenye jalala nyuma ya kitalu.

Bustani za vyuo zinasaidia nini katika kuhifadhi spishi zilizo hatarini?

Utafiti ulioongozwa na watu wa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba bustani za mimea duniani zina walau asilimia 30 ya spishi zote za mimea zinazojulikana, na asilimia 41 ya zile zilizotambuliwa kuwa hatarini. Takwimu hizo hupendwa na maafisa uhusiano wa umma. Mimi hunisumbua takwimu nyingine ya utafiti uleule: spishi ya ukanda wa baridi ilikuwa na nafasi ya asilimia 60 hivi ya kuwemo katika bustani fulani, na ya tropiki asilimia 25 tu. Spishi zilizo nyingi ziko kwetu; nyumba za kioo zilizo nyingi ziko kwao, na mti wa msitu wa pwani ya Lindi haukui vizuri kwenye chungu kilichowekwa pembeni mwa bomba la joto.

Mfano ni Karomia gigas. Mti huu ulidhaniwa kuwa umetoweka mpaka wataalamu wa botania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata tena mwaka 2011 kusini mashariki mwa Tanzania, ukiwa umebaki kwa idadi ndogo mno. Matunda yake hushambuliwa na kuvu kiasi kwamba mbegu nyingi huoza kabla ya kuota, na mwaka 2018 shehena ya matunda ilipelekwa Bustani ya Mimea ya Missouri, Marekani, ambako miche michache ilipatikana. Utafiti wa aina hii, wa jinsi mbegu moja inavyoota, chini ya kivuli gani na baada ya siku ngapi, hauhitaji maabara ya mabilioni. Unahitaji kitalu, na kitalu kilicho karibu na msitu kina faida ambayo Missouri haiwezi kuinunua.

Kuna haja ya kuweka sampuli kavu katika hebaria?

Ndiyo, kila mara. Jani lililobanwa na kukaushwa pamoja na namba ya mmea humwezesha mwingine kuhakiki utambuzi wako miaka mingi baadaye. Hebaria ya Cambridge, ambayo tangu mwaka 2011 iko katika jengo la Maabara ya Sainsbury ndani ya bustani, ina sampuli zaidi ya milioni moja, zikiwemo alizokusanya Darwin katika safari ya meli ya Beagle. Kwetu ipo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ipo Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni Amani.

Bustani ya chuo chetu ni ndogo na rekodi zake zimepotea. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhesabu. Chukua ramani ya eneo, hata iliyochorwa kwa mkono, uipe kila shina namba, upime unene wake kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upige picha ya gome, jani, ua na tunda kadiri yanavyopatikana. Tumia kibao cha bati kilichochongwa kwa msumari na kufungwa kwa waya wenye springi, kisichong'oka kirahisi na kisichoukaba mti unapokua. Wino hufutwa na jua katika misimu miwili. Pale asili isipojulikana andika U, wala usibuni. Kisha waite wazee: mtunza bustani aliyestaafu anaweza kukumbuka kwamba miti ile mitatu ililetwa na gari la idara kutoka Pugu, na maneno yake yaandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyeyasema. Ukimaliza una tayari mada ya kwanza ya utafiti, na mwanafunzi atakayekufuata baada ya miaka kumi atakuwa na unene wa mashina wa kulinganisha.

Mmea ninaoufuatilia ukifa katikati ya utafiti?

Mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, upige picha, na uombe kuchukua sampuli za mizizi na shina kabla masalia hayajaondolewa, kwa kuwa chanzo cha kifo nacho ni taarifa. Katika bustani ya Cambridge kulikuwa na mtofaa uliopandwa mwaka 1954, kipandikizi cha ule mti mashuhuri wa Isaac Newton. Tarehe 18 Februari 2022 dhoruba iliyopewa jina Eunice iliuangusha, baada ya kuvu kuwa imekwisha kuudhoofisha mizizi. Vipandikizi vyake vilikuwa vimeshachukuliwa mapema. Katika rejista mti wa namna hiyo haufutwi: mbele ya namba yake huandikwa tarehe na sababu ya kufa, na mche unaopandwa badala yake hupewa namba yake wenyewe, pamoja na maelezo ya mzazi wake.